MASHINE YA NYASI ILINIFIA MKONONI: TUJIFUNZE KUBADILI OILI

Najua nimepotea kidogo na wengine mmeniuliza kama nimeacha kuandika. Sijaacha, nilikuwa nahangaika na maisha tu. Siasa tutazirudia wiki ijayo, leo nawaletea kitu kilichonila hela na kikanifundisha. Leo tunaongelea oili.

Najua kuna mmoja atasema "oili tena?" Subiri kwanza mshkaji, usifunge ukurasa. Kama wewe ni kijana wa Karagwe au Kyerwa na unategemea siku moja kupata mchongo wa kuendesha mashine yoyote ndogo ya petroli, iwe ya kukatia nyasi, pampu ya kuvuta maji au jenereta, basi hii inakuhusu. Hata ile jenereta inayonguruma nje ya kafe umeme ukikatika ina injini ya ukoo huo huo. Na kama dakika zako zinahesabiwa, shuka moja kwa moja mpaka kwenye namba, nakili kwenye daftari, kisa utakisoma siku nyingine.

KISA CHENYEWE

Nilimaliza kidato cha nne mwaka 2021. Matokeo yakaja, si mabaya sana lakini si ya kwenda kidato cha tano. Nikarudi nyumbani, nikawa namsaidia mama kibanjani kupunguzia migomba, na msimu wa kahawa ukifika nachuma na kuanika. Mpango wangu ulikuwa kukusanya ada niende chuo cha ufundi.

Mwaka 2023 taasisi moja huku kwetu (jina naliacha, wala wao hawana kosa) ikapata mashine ya kukatia nyasi kutoka kwa marafiki zao wa nje. Ilikuwa na magurudumu manne, mpini wa kusukumia, injini juu na kisu kinachozunguka chini. Sisi wengi tumekulia kwenye fyekeo. Nani hakwenda shule ya msingi na fyekeo begani siku ya usafi? Kwa hiyo mashine ile ilikuwa maajabu, watoto walikuwa wanakuja kunitazama. Kumbe wazo lenyewe ni la zamani, Mwingereza mmoja anaitwa Edwin Budding alipata hataza ya mashine ya kukatia nyasi mwaka 1830. Ile yake ilikuwa ya kusukuma kwa nguvu za mikono, injini zilikuja baadaye.

Nikapewa kazi. Kazi ikawa nzuri, mpaka nikaomba ruhusa kwa mkubwa wangu niitumie na sehemu nyingine, tugawane kinachopatikana. Akakubali. Nikawa nakata nyasi kwenye gesti, kwenye viwanja vya mpira, kwa watu wenye nyumba zenye bustani kuanzia Kayanga mpaka Omurushaka, na mara moja moja tunaipakia kwenye pikapu mpaka Nkwenda kule Kyerwa. Saa nne kwa siku, siku tatu kwa wiki. Mshiko ukaanza kuonekana.

Mashine ilikuja bila kitabu chake. Mimi kwa kujiona mjanja nikaenda kafe, nikatafuta. Nikasoma ukurasa mmoja wa Kiingereza ukasema oili ya mashine ya nyasi ibadilishwe mara moja kwa mwaka. Nikafurahi! Oili ilikuwa imewekwa mpya mwezi wa kwanza, kwa hiyo nikajua mpaka mwezi wa kwanza mwingine mimi sina wasiwasi. Kazi yangu ikawa petroli tu. Kile kifuniko cha oili sikuwahi hata kukifungua.

Mwezi wa tano, mvua za masika zikiwa zinaishia na nyasi zimesimama mpaka magotini, nilikuwa nakata kwenye mteremko. Mlio ukabadilika. Mwanzo ukawa mzito, halafu pakasikika kama mtu anagonga nyundo ndani ya bati, ko ko ko. Mimi nikadhani ni jiwe limegonga kisu. Nikaendelea kusukuma. Baada ya muda mfupi ikapiga kishindo kimoja ikazima. Kamba ya kuwashia ikawa haivutiki hata kidogo. Wenzetu wa gereji wanaliita tukio hilo kwa neno moja tu: imenoki.

Tukaipeleka kwa fundi, mzee mmoja wa makamo ambaye pikipiki nyingi za huku zimepita mikononi mwake.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Lete tuone."

Akafungua kifuniko cha oili, akachomoa kijiti cha kupimia, akakifuta, akakirudisha, akakichomoa tena. Kikavu. Akanionyesha bila kusema kitu. Akalegeza boliti ya chini, ikatoka oili nyeusi kama lami, haijai hata kikombe cha chai. Kuja kufungua injini, konrodi imekatika vipande viwili.

"Hii mara ya mwisho mlibadili oili lini?"

"Mwezi wa kwanza, mzee. Nilisoma ni mara moja kwa mwaka."

"Hao walioandika wanakata nyasi saa ngapi kwa wiki?"

Sikuwa na jibu. Spea ikaagizwa Mwanza, ikachukua wiki tatu kufika. Gharama ya spea na ufundi nilikatwa kwenye malipo yangu kwa miezi minne. Ile hela ndiyo ilikuwa ada. Chuo nikakikosa mwaka ule. Mkubwa wangu hakunifukuza, namshukuru, alisema tu "umejifunza, waitu, sasa usirudie." Lakini yale mawazo ya miezi minne nayajua mwenyewe.

MWAKA WAO NA MWAKA WETU

Lile swali la fundi nililijibu baadaye kwa kalamu na karatasi, na naomba na wewe ulipige hesabu.

Vitabu vya mashine nyingi za nyasi vinasema badili oili kila baada ya saa 50 za kazi AU mara moja kwa mwaka, kitakachotangulia. Hilo neno "kitakachotangulia" ndilo mimi nililiruka. Chukua mtu wa Ulaya mwenye kibustani mbele ya nyumba. Anakata nusu saa kwa wiki, tena miezi kama sita tu kwa sababu baridi ikija nyasi hazioti. Wiki 26 mara nusu saa ni saa 13 kwa mwaka mzima. Yeye hata akibadili mara moja kwa mwaka amewahi.

Sasa mimi. Saa 4 mara siku 3 ni saa 12 kwa wiki. Yaani karibu kazi yake yote ya mwaka mzima mimi naimaliza kwa wiki moja! Saa 50 zangu zinaisha kwa wiki nne na ushee. Kutoka mwezi wa kwanza mpaka wa tano nilikuwa nimeshapita saa 200. Nilitakiwa nibadili mara nne na sikubadili hata mara moja.

Ndiyo maana siku hizi nikisoma kitu kwenye intaneti najiuliza kwanza, aliyeandika anaishi wapi na anatumiaje hicho kitu? Ushauri wake unaweza kuwa sahihi kabisa kwake na ukakuua wewe.

KWA NINI OILI INAISHA NGUVU

Injini ndogo hizi nyingi ni za mapigo manne. Kuna silinda, ndani yake pistoni inapanda na kushuka. Pistoni imeshikwa na konrodi, konrodi imeshika krenki, na krenki ndiyo inayozungusha kisu. Ikiwa kazini inazunguka kama mara 3,000 kwa dakika, yaani mara 50 kila sekunde. Kwa saa nne ni mizunguko 720,000. Chuma na chuma vikisuguana kiasi hicho bila kitu katikati, vinashikana kwa joto.

Oili ndiyo inayokaa katikati. Kazi zake ni hizi: inalainisha, inabeba joto, inakusanya masizi na vumbi la chuma, inazuia kutu, na inasaidia ringi za pistoni kuziba ili nguvu isivuje. Kumbuka injini hii haina rejeta ya maji. Inapozwa na upepo unaopita kwenye yale mapezi ya silinda, na oili. Basi.

Tofauti kubwa na gari ni kwamba nyingi ya injini hizi hazina pampu ya oili wala chujio la oili. Chini ya konrodi au pembeni ya krenki kuna kitu kama kijiko au gurudumu dogo lenye mapanga, kinachota oili na kuirusha juu kila mzunguko. Ndiyo hivyo tu, ni kurusha. Oili ikipungua, kijiko kinachota hewa. Na kwa kuwa hakuna chujio, uchafu wote unabaki humo humo unazunguka, hakuna njia ya kuutoa isipokuwa kumwaga oili yote na kuweka mpya.

Tena konrodi za injini nyingi ndogo ni za aluminiamu, zinakaa juu ya krenki moja kwa moja bila beringi. Oili ikikosekana hapo ndo pa kwanza kufa, kama yangu. Wakati mwingine kipande kinatoboa kabisa ubavu wa injini, ikifika hapo hakuna fundi.

Halafu kuna suala la milima. Karagwe na Kyerwa tambarare ni ya kutafuta. Mashine ikiinama, oili inakimbilia upande mmoja. Kama ipo kwenye alama ya juu, kijiko bado kinaifikia. Kama imepungua, hakifikii kitu. Ndiyo maana yangu ilinoki kwenye mteremko na si kwenye kiwanja cha mpira. Kwenye mteremko kata kwa kukingama, usiwe unapanda na kushuka, maana ukiteleza miguu yako inaingia kwenye kisu. Mlima ukiwa mkali sana, achana na mashine, chukua fyekeo.

OILI GANI?

Angalia kwanza maandishi kwenye kopo. Utaona SAE na namba. SAE ni kifupi cha jina la chama cha wahandisi wa magari kilichoanzia Marekani, ndio waliopanga vipimo vya uzito wa oili. Namba kubwa maana yake oili nzito. Ukiona namba mbili kama 10W-30, ile yenye W inaelezea oili ikiwa ya baridi na nyingine ikiwa ya moto.

Kwa mashine ya nyasi ya mapigo manne, inayotajwa sana ni SAE 30. Ukiikosa, 10W-30 nayo inakubalika kwa injini nyingi, ila kwenye joto kali inaweza kuliwa haraka zaidi, kwa hiyo uipime mara kwa mara. Kama una kitabu cha mashine, kitabu ndicho mkubwa, usinifuate mimi.

Usiweke oili ya gia boksi. Usiweke ya breki. Usiweke ile ya 2T. Na usiweke oili "iliyochujwa" uliyopewa na rafiki wa gereji, hata iwe inang'aa vipi. Kuchuja kwa kitambaa kunaondoa takataka zinazoonekana, hakurudishi nguvu iliyokwisha. Nunua kopo ambalo lakiri yake haijakatwa. Siku moja duka fulani nilipimiwa oili kutoka kwenye pipa, kufika nyumbani naimimina ni nyepesi kama maji ya kunde. Nikaimwagia pembeni hela yangu ikiwa imeenda.

Kiasi: mashine nyingi za kusukuma zinachukua kama nusu lita, nyingine zinafika 0.6. Kwa hiyo kopo la lita moja linaweza kukutosha karibu mara mbili. Linganisha hiyo na bei ya konrodi, pistoni na miezi minne ya kukatwa.

Angalizo: zile mashine za kubeba begani, zenye mpini mrefu na kisu mbele, nyingi ni za mapigo mawili. Hizo HAZINA sehemu ya kubadili oili. Oili ya 2T inachanganywa na petroli kabisa. Kipimo kimeandikwa kwenye kifuniko cha tanki au kwenye kitabu. Kama ni 50:1, lita 5 za petroli unaweka mililita 100 za oili. Kama ni 25:1, lita 5 unaweka mililita 200. Ukiweka petroli tupu, unainoki kwa muda mfupi sana. Utajuaje ni ipi? Tafuta kifuniko cha oili kwenye injini. Kama kipo kimoja tu, cha petroli, hiyo ni mapigo mawili.

SASA TUBADILI, HATUA KWA HATUA

Andaa: oili mpya, spana ya boliti ya chini (kama ipo), beseni au dumu lililokatwa, tambara, chupa ya plastiki uliyokata kitako utumie kama faneli, na sabuni.

1. Fanya siku tanki linakaribia kuisha petroli. Ukiinamisha mashine yenye tanki limejaa, petroli itamwagika juu ya injini ya moto. Moto ukiwaka hapo ni msiba.

2. Iwashe dakika tano hivi, nje, mahali pa wazi. Moshi wa injini ndani ya chumba unaua kimya kimya. Oili ikipata joto inakuwa nyepesi, inatoka na uchafu wake. Lakini usifanye ikiwa imetoka kazini inachemka, utaungua.

3. Zima. Chomoa waya wa plagi uuweke mbali na plagi. Hatua hii usiiruke hata kama una haraka. Kisu kimeunganishwa na krenki moja kwa moja. Ukikizungusha kisu kwa mkono unaizungusha injini, na ikishika moto hata mara moja tu, vidole vimekwenda. Kama kuna koki ya petroli, ifunge.

4. Futa vumbi na nyasi kuzunguka kifuniko cha oili KABLA ya kukifungua. Punje ya mchanga ikidondoka ndani umeweka msasa kwenye injini.

5. Toa oili. Kama kuna boliti ya chini, weka beseni, ilegeze. Ukimaliza irudishe na washa yake, kaza ya kutosha tu, usikaze kwa hasira maana uzi wa aluminiamu unakatika. Kama haina boliti, inamisha mashine taratibu upande wa mdomo wa oili imwagikie kwenye beseni. Kanuni: plagi au upande wa eya klina na kabureta uangalie JUU. Ukiulaza chini, oili inaingia kwenye eya klina na mashine itagoma kuwaka.

6. Subiri itoke mpaka tone la mwisho. Iangalie. Nyeusi ni kawaida. Ikiwa na vipande vya chuma vinavyong'aa, mwite fundi mapema. Ikiwa na rangi ya maziwa, imeingia maji, labda uliiacha mvuani.

7. Simamisha mashine mahali pa usawa. Mimina oili mpya kidogo kidogo, kama robo tatu ya kipimo kwanza. Subiri dakika mbili itulie.

8. Pima. Futa kijiti, kirudishe, kichomoe, soma. Hapa panachanganya: mashine nyingine unatakiwa ukizungushe kijiti mpaka kikaze ndipo usome, nyingine unakiegesha tu bila kuzungusha. Angalia kitabu au maandishi kwenye kifuniko. Oili iwe kati ya alama mbili, karibu na ya juu, isiizidi.

9. Ikizidi usiache hivyo hivyo. Oili nyingi nayo ni ugonjwa: moshi mweupe au wa buluu, plagi inalowa, eya klina inajaa oili. Punguza.

10. Funga, futa, rudisha waya wa plagi, washa dakika mbili, zima, subiri, chungulia chini kama inavuja, pima tena.

Mashine mpya kabisa ina masharti yake. Nyingi husafirishwa bila oili ndani, kwa hiyo ukiitoa kwenye boksi ukaweka petroli ukavuta kamba, umeizika siku ya kwanza. Na ile oili ya kwanza inatolewa mapema, kwa nyingi ni baada ya saa 5 tu, kwa sababu vyuma vipya vinapozoeana vinatoa unga.

Baada ya hapo, pima KILA SIKU kabla ya kuvuta kamba. Inachukua dakika moja. Mimi ningepima hata mara moja kwa wiki, leo hii makala isingekuwepo.

DAFTARI

Watu wa boda wao wana kilomita zinawahesabia. Mashine ya nyasi haina kilomita, haina saa, ni wewe na kumbukumbu yako. Dawa yake ni daftari la kurasa 48. Kila siku andika tarehe, umeanza saa ngapi, umemaliza saa ngapi, jumla. Ikifika 50, badili, chora mstari, anza upya. Kazi ikiwa ya vumbi au nyasi nzito, usisubiri 50, badili hata kwenye 25.

Hilo daftari lina faida nyingine ambayo sikuitegemea. Kijana ukienda kuomba kazi ya mashine kwa mtu na daftari mkononi, mazungumzo yanabadilika. Mimi nimepata wateja wawili kwa sababu ya daftari tu, mmoja ana pampu ya maji na mwingine ana jenereta. Jenereta nyingi, tofauti na mashine ya nyasi, zina kifaa kinachozima injini oili ikipungua. Kwa hiyo ukisikia jenereta "imegoma" na petroli ipo, kabla hujaita fundi angalia oili. Siku moja niliiwasha ya mtu kwa kuongeza oili tu, akaniona mchawi.

OILI CHAFU UNAIPELEKA WAPI?

Wadau, hapa naomba tusikilizane. Pita gereji yoyote ya pikipiki kuanzia Kayanga, Omurushaka, Nkwenda mpaka Murongo mpakani, tazama ardhi. Nyeusi. Na gereji nyingi ziko juu, chemchemi ziko bondeni. Mvua ikinyesha inashuka na kila kitu. Mama zetu na wadogo zetu ndio wanaokwenda kuchota kule chini. Na maji yetu mengi mwisho wake ni mto Kagera, na Kagera inaingia Ziwa Victoria.

EPA, wakala wa mazingira wa Marekani, wanasema oili chafu ya kubadili mara moja tu kwenye gari inaweza kuharibu galoni milioni moja za maji safi. Ya mashine ya nyasi ni kidogo kuliko ya gari, ndiyo. Lakini hesabu boda zote za wilaya mbili zinazobadili kila mwezi.

Mimi nilikuwa namwaga kwenye majani nyuma ya stoo. Siku hizi naimimina kwenye dumu lenye kifuniko, likijaa nalipeleka gereji wanakoikusanya kwenye mapipa, maana kuna watu wanaoinunua. Najua wengi tunapaka nguzo za uzio kuzuia mchwa. Ukifanya hivyo, iwe mbali na maji, mbali na jiko, na usiache watoto wachezee. Lakini kuwapaka ng'ombe kwenye vidonda au kupe, hapana jamani, hiyo ina sumu ya masizi na chuma, inapita kwenye ngozi. Hata wewe mwenyewe ikikushika mikono nawa kwa sabuni, usinawe kwa petroli. Ngozi kukaa nayo miaka na miaka ni hatari, inatajwa kwenye saratani ya ngozi. Na kopo lake usilifanye la kuwekea maji ya kunywa, hata ulioshe mara kumi.

MWISHO

Mashine ile bado iko hai. Nilipomaliza kulipa deni nikarudi kazini, nina daftari la pili sasa. Kila baada ya saa 50 nakaa chini nabadili mwenyewe, na yule fundi mzee nikipita kwake ananiuliza kwa utani, "wewe wa mara moja kwa mwaka, hujambo?" Nacheka tu. Ada ya chuo naikusanya upya, nimefika nusu.

Nimeandika haya kwa sababu kuna kijana mwingine mahali fulani, Kaisho au Nyaishozi, amekabidhiwa mashine ya watu leo asubuhi na hajaambiwa chochote isipokuwa "petroli ipo kwenye dumu." Kama unamfahamu, mwambie afungue kile kifuniko kabla ya kuvuta kamba.

Mafundi mliopo humu, kama kuna mahali nimekosea nirekebisheni hapo chini, sitanuna. Na wewe ambaye injini imewahi kukufia mkononi, ilikuwaje? Nani alilipa? Tuambie na wenzako wajifunze.

Nawakilisha.